Pembe ya Plastiki

Wameniambia nimestaafu. Nilipewa saa ya ukutani na keki, tukapigwa picha, na Jumatatu iliyofuata nikaamka alfajiri, nikafunga kitenge, nikafika hadi njia panda ya kliniki kabla ya kukumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Sijui vizuri mkimbizi anastaafu kutoka wapi kwenda wapi. Nyumba yangu hapa Mantapala ni ileile ya matofali mabichi, shamba ni lilelile la mihogo, na majirani bado wanabisha hodi kwa ajili ya migongo na magoti yao. Lakini vijana niliowaachia kazi, Chanda na wenzake, wameniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya kiné, yaani kazi ya kunyoosha viungo na kuifundisha upya miili ya watu. Basi nawaandikia. Mkitafuta majibu mtakuta machache. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havikuwa na mengi ya kusimuliwa.

Kazi nilijifunzia Lubumbashi, kwa mzee mmoja aliyeitwa Papa Ngoie. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti kando ya dirisha na kunikataza kumgusa mgonjwa yeyote. Kazi yangu ilikuwa kutazama watu wakivua mashati. Nilikuwa na koti jipya jeupe, nimelipiga pasi mara mbili, na nililia kidogo chooni kwa hasira. Jioni akanieleza.

"Mutu akivua shati, utajua kwenye kunauma mbele hajafungua kinywa," alisema. "Mikono yako haina akili bado. Macho njo inaanza, mikono itafuata."

Wiki nzima nikatazama mashati. Hadi leo nikiwa kanisani siwezi kumwangalia mtu akivua koti bila kumchunguza bega lake. Huo ni ulemavu wa kazi, na ninyi mtaupata tu.

Baadaye nilifanya kazi Pweto, karibu na mpaka, miaka mingi, mpaka vita vikatufukuza. Tulivuka kuingia Zambia, na mwishowe tukaletwa Mantapala, kila familia na kipande chake cha msitu cha kulima. Kliniki ya kwanza ilikuwa hema. Wafanyakazi wa kambi waliponiuliza kama kuna kazi ninayoijua, nikasema kiné, nao wakadhani ni jina langu. Ndiyo maana naitwa Mama Kiné mpaka kwenye daftari la kugawia unga.

Chombo changu cha kwanza hapa kilikuwa mpini wa ufagio. Kwa mpini wa ufagio unafungua mabega, unanyoosha mgongo, unamfundisha mtu kusimama. Cha pili kilikuwa chupa ya maji yenye mrija ndani: mgonjwa anapuliza mapovu taratibu na mapafu yanafunguka. Watoto waliipenda chupa hiyo kupita kiasi, wengine wakaanza kukohoa kwa makusudi. Vifaa vya mradi huja na mradi na kuondoka na mradi, lakini ufagio hubaki, kwa hiyo msione haya kuutumia.

Sasa nifike kwa Kisimba, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake, na ndiye aliyenivuruga kichwa kuliko wagonjwa wengine wote.

Aliletwa na mama yake mwezi wa kumi, wakati wa joto lile linalofanya mbuzi wakatae kutembea. Mama Kisimba ni mchuuzi wa chisense, vile visamaki vidogo vya ziwani. Huenda ufukweni Nchelenge kuvinunua kutoka kwenye mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga, kisha huja kuviuza huku kwetu kwa vikombe. Kijana alikuwa na kama miaka kumi na mitano, mrefu, sauti imeanza kuvunjika, na alikuwa amevaa koti zito la baridi lililofungwa mpaka shingoni.

"Mama Kiné, mutoto anachoka bure," mama akasema. "Akitoka ku kisima na ndoo ya mayi, anasimama, anasimama. Na moyo yake inamupigia ngoma."

"Vua koti, mwana yangu, nione."

"Kuko baridi," Kisimba akasema, akitazama ukuta.

"Mu mwezi ya kumi?"

Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni. Nikamwomba mama atoke nje, nikampa kijana mgongo, nikanawa mikono polepole sana, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayekwenda kupasua tumbo. Nilipogeuka koti lilikuwa chini na shati pia, lakini mikono alikuwa ameikunja mbele. Nikangoja. Mikono ikashuka.

Mfupa wa katikati ya kifua ulikuwa umezama ndani, na mbavu zimeufuata pande zote mbili. Shimo hilo lingeweza kuchukua ngumi yangu. Alipovuta pumzi, badala ya kifua kuinuka, shimo liliongezeka. Mabega alikuwa ameyakunja mbele kulificha, na mabega hayo yaliyokunjwa yalilifanya lionekane kubwa zaidi. Nilikuwa nimewahi kuona vifua viwili vya namna hiyo Lubumbashi, vya watoto wadogo, na Papa Ngoie alisema tuviache. Elimu yangu yote juu ya jambo hilo iliishia hapo.

Niliyojua kufanya niliyafanya. Nilimpima mgongo kama umepinda. Nilitazama vidole na mikono kama ni mirefu kupita kawaida, kwa sababu wapo watu wembamba warefu ambao kifua chao ni dalili tu, na tatizo kubwa liko kwenye moyo na mshipa wake mkuu. Niliuliza kama kuna ndugu mwenye kifua hicho. Kisha nikamlaza chali na kujaza shimo kwa maji, nikiyapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ili siku nyingine nijue kama limepungua au limeongezeka. Alicheka maji yalipomtekenya. Sikumsikia akicheka tena kwa muda mrefu.

Mama yake nilipomwita ndani aliketi, akaanza kulia kabla sijasema neno.

"Ni fundo," akasema. "Ni fundo yangu."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba walipokimbia, yeye alibeba mizigo, na Kisimba akabebeshwa dada yake mgongoni kwa kitenge. Ninyi mnajua kitenge cha kubebea mtoto hufungwa fundo mbele, katikati ya kifua. Kijana alitembea hivyo kutoka kijijini kwao hadi mpakani, na mama kila asubuhi alilikaza fundo ili mtoto asianguke.

"Mufupa ilikuwa laini bado. Mimi njo nilikaza," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kifua hiki mtu huzaliwa nacho mara nyingi, kikiwa kidogo hakionekani, halafu mwili unaporefuka ghafla kinazama. Nikamwambia wasichana wote wa Kongo wamebeba wadogo zao na vifua vyao viko mahali pake. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, na hakuamini hata neno moja. Binti mdogo, yule aliyebebwa, alikuwa amekaa mlangoni anakula muwa.

Tukaanza safari za hospitali. Ya kwanza daktari alisema moyo mzima, mapafu mazima, mtoto aende nyumbani akacheze mpira. Ya pili, mji wa mbali kidogo, daktari alisema moyo umesukumwa upande wa kushoto, basi uchovu si wa bure. Ya tatu tulikutana na daktari mpasuaji aliyekuja kwa majuma machache tu, mtu mpole, akatuambia wote wawili wamesema kweli. Halafu akasema kifua kama hiki kinaweza kuachwa kama kilivyo, au kupasuliwa na kuwekewa chuma kinachoinua mfupa, au kuvutwa kwa nje bila kupasua. Nikamuuliza ipi ndiyo sahihi. Akasema zote.

Mama Kisimba aliuliza kile chuma kinakaa ndani siku ngapi.

"Miaka miwili, mitatu, kisha tunakitoa," daktari akasema kupitia muuguzi.

"Na mukikitoa, mufupa haianguke tena?"

Daktari alieleza kwa muda mrefu, akachora, akatabasamu. Muuguzi akatufasiria kwa Kibemba, mimi nikamfasiria mama kwa Kiswahili. Kilichomfikia mama baada ya lugha tatu kilikuwa "kwa kawaida hapana." Akakunja mikono. Mtu aliyekimbia vita hajengi nyumba juu ya "kwa kawaida."

Basi tukachukua njia ya kuvuta. Daktari alitupa kifaa kilichowahi kutumiwa na mtoto mwingine: bakuli la mpira laini lenye dirisha la plastiki juu, mrija, na pampu ya mkono kama ile ya kupimia presha. Unaliweka juu ya shimo, unapampu, hewa inatoka na mfupa unavutwa juu. Wenyewe huliita kengele. Chanda, uyaweke haya kichwani: usimvalishe mtu kabla moyo wake haujapimwa. Anza dakika chache tu, uongeze kidogo kidogo. Tazama ngozi kila siku, na akisikia kizunguzungu, toa. Na kengele peke yake haitoshi. Lazima afanye mazoezi ya pumzi, ya mgongo, na ufagio wetu ule wa mabega.

Nilirudi Mantapala na kengele ndani ya kikapu, nikijiona daktari. Kiburi hicho hakikumaliza wiki.

Mnajua vita vyangu na mambo ya kuumika. Kuna nyanya mmoja hapa, Nkambo Kapinda, ambaye huchanja ngozi kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe juu yake, akanyonya hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta, damu mbaya ijikusanye ndani. Miaka yote nilikuwa nikihubiri dhidi ya pembe zake kwa sababu ya wembe ule na vidonda nilivyoviosha mimi. Makanisa nayo yalihubiri dhidi yake, wao kwa sababu ya dawa na mizimu. Hilo lilikuwa jambo pekee ambalo mimi na wachungaji tulikubaliana.

Nkambo Kapinda alisikia habari za kengele, sijui kwa nani. Akaja kwangu na fimbo yake, akaketi bila kukaribishwa, akaomba aonyeshwe. Akaligeuza lile bakuli, akalinusa.

"Humu munanyonya nini? Damu iko wapi?"

"Hakuna damu, Nkambo. Tunatoa hewa tu."

"Na mufupa inafuata hewa?"

"Munganga mupasuaji amesema inafuata."

"Wewe umeona ikifuata?"

"Bado."

Akacheka mpaka akakohoa. "Miye pembe yangu inatoa damu, mutu anaiona na macho yake. Weye unanyonya kitu hakionekane, unaambia batu baamini. Sasa kati yetu, mulozi ni nani?"

Jibu bado nalitafuta. Nilimpa chai. Alipoondoka alinisihi niwe ninaziba vizuri pembeni, hewa isivuje. Ushauri huo ulikuwa mzuri, nikaufuata.

Kisimba aliivaa kengele kila jioni nyuma ya nyumba yao, kwenye uzio wa matete, ili mtu asimwone. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka kweli. Mwezi mmoja maji yalipungua shimoni, mwezi uliofuata yaliongezeka, mwezi wa tatu yakapungua tena. Nikadhani namlaza vibaya. Nikabadilisha benchi. Na mwezi ule ambao shimo lilikuwa kubwa kuliko miezi mingine yote, ndio mwezi aliokuja kuniambia kwamba anapanda na ndoo kutoka kisimani bila kusimama. Ni kengele? Ni mazoezi? Ni umri? Nilimwandikia daktari, akajibu, "Vizuri sana, endeleeni." Nikaisoma barua hiyo mara kadhaa nikitafuta anachosema.

Na jambo lililonitatiza zaidi ni koti. Pumzi ilikuwa nzuri, mabega yamenyooka, shimo kwa jumla limepanda kidogo, lakini koti lilibaki vilevile, joto au baridi.

Mama yake ndiye aliyenifungulia siri. Kijana alikuwa amemaliza mafundisho ya ubatizo mara mbili, na mara zote mbili siku ya maji alitoweka. Kanisa lao hubatiza ziwani, mtu mzima mzima ndani ya maji, kwa kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi. Nikamuuliza Kisimba mwenyewe.

"Ile nguo ikilowana inashikamana na mwili," akasema. "Batu bote banakuwa pale. Bataona."

"Na wakiona?"

Akanitazama kana kwamba ni mimi niliye mtoto.

Shemasi mmoja alikuwa ameshaanza kusema maneno kisimani: mtoto anayekimbia maji ya ubatizo, ndani yake mna kitu kinachoyaogopa. Sisi tunajua neno hilo linakwenda wapi. Huanza na maombi, likaendelea na kufungishwa njaa, na nimeona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu yake. Neno la ulozi likishamkalia mtoto, halitoki kwa sabuni. Mama Kisimba alikuwa ameacha kulala vizuri.

"Mara hii asipoingia mu mayi, batasema kabisa," akaniambia. "Mama Kiné, fanya shimo ya kifua yake iishe mbele ya siku ile."

Nifanyeje? Mfupa hauna tarehe. Nilimwambia ukweli, kwamba kengele ni kazi ya miaka, na tena sina hakika nayo. Niliogopa kwa ajili yao wote wawili, nikaongeza mazoezi kwa sababu sikuwa na kingine cha kuongeza.

Siku ikafika. Lori lilitushusha ufukweni Nchelenge asubuhi ya Jumapili. Wanawake walikuwa wameanika chisense mchangani hadi karibu na maji, kwaya ikabidi ijipange kwa mstari mrefu ili isikanyage mali ya watu. Alikuwa amekuja mchungaji mgeni kutoka Mununga kubatiza, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Waliokuja kubatizwa walisimama kwa kanzu zao nyeupe, na Kisimba alikuwa katikati yao. Hakukimbia.

Nilimtazama kifua, na kifua kilikuwa kimejaa.

Nilimshika Mama Kisimba mkono kwa nguvu. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti, nikawaza barua nitakayomwandikia daktari, nikamwaza hata Nkambo Kapinda na uso atakaoufanya. Halafu upepo ukaibana kanzu mwilini, nikaona duara chini ya kitambaa, kama sahani iliyofunikwa. Alikuwa ameivaa kengele. Alikuwa ameukunja mrija na kuufunga kwa mpira, akaingia nayo kwenye ubatizo ili kifua chake kionekane kama vifua vya wengine.

Nilitaka kumfuata. Lakini akawa ameshashikwa mkono anaingizwa majini.

Mchungaji huweka mkono mmoja mgongoni na mwingine kifuani, kisha humlaza mtu chini ya maji. Mkono wa kifuani ulipogusa, ukasimama. Akagonga kwa vidole. Nasi huku ufukweni tulisikia.

"Nini hii? Kijana, uko na nini ku kifua?"

Wimbo wa kwaya ukapungua, ukafa.

"Ni pembe!" mtu mmoja akapiga kelele. "Bamemufunga pembe!"

"Si nilisema?" shemasi akadakia. "Si nilisema miye?"

"Toa dawa hiyo!" mchungaji akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Haubatizwe na shetani ya kienyeji ku kifua!"

Nilijikuta ndani ya maji na viatu vyangu. "Pasta, ngojeni!" nikasema, na hapo nikakwama. Niseme nini? Nikieleza, ninalitangaza mbele ya kanisa zima lile shimo alilolificha chini ya koti mwaka baada ya mwaka. Nisipoeleza, anatoka pale akiwa mlozi. Kazi hii inatufundisha kufunga mdomo juu ya mwili wa mgonjwa. Ufunguliwe lini, sikuwahi kufundishwa, na mpaka leo sijui ningesema lipi. Nilisimama na maji magotini, mdomo wazi, na nyuma yangu Mama Kisimba alikuwa analia, "Ni lopitalo! Ni ya lopitalo!" yaani ya hospitali, na hakuna aliyemsikiliza.

Kisimba alinitazama. Kisha akaishusha kanzu mabegani hadi kiunoni.

Akafungua ule mpira. Kengele ikatoa sauti ndefu ya kufyonza, mtoto mmoja akacheka, na ikaachia. Mchungaji aliirudisha mikono yake haraka. Kengele ikaelea kati yao.

Kifua kilikuwa chekundu, na duara la ukingo limejichora juu yake, lakini kilikuwa sawa. Kilikuwa bapa kama cha kijana yeyote. Watu walisogea, wengine wakakanyaga chisense na hakuna aliyegombeza.

"Sasa shida iko wapi?" mchungaji akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu asiyeelewa. "Sioni kintu."

"Mungoje," Kisimba akasema. "Mungoje kidogo."

Tukangoja. Ninyi mnaojua kifaa hicho mnajua nini hufuata. Mfupa ulianza kushuka. Ulishuka polepole, mbele ya macho ya watu wote wale, kwaya, wachuuzi, wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu, mpaka shimo likarudi lote, na jasho lililokuwa likimtiririka shingoni likakusanyika ndani yake. Kijana alisimama mikono ikiwa chini. Hakuikunja.

"Inakuumiza?" mchungaji akauliza kwa upole.

"Hapana. Inanichokesha." Akageuka, akatutazama sote. "Mumeona bote? Basi. Sasa munibatize."

Mchungaji akaweka kiganja chake tena kifuani. Kiganja kikubwa, kikaingia shimoni chote, akamlaza majini.

Wimbo sikumbuki nani aliuanzisha. Nilikuwa naifukuzia kengele iliyokuwa inakwenda na mawimbi kuelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kitenge kimelowa hadi kiunoni. Nilipoipata nikageuka, nikamwona Kisimba anatoka, kanzu bado iko kiunoni, anapita katikati ya watu kwa mwendo wa kawaida. Mama yake alimkimbilia na kitenge chake, akakifungua ili amfunike kifua. Kisimba akakichukua, akajifutia uso, akamrudishia. Mama akabaki amekishika. Shemasi alikuwa ameinama anawasaidia wachuuzi kuokota samaki, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya kabla ya hapo.

Nilimfuata Kisimba hadi kwenye lori, kengele mkononi. Kipimo kilikuwa palepale, daktari alitaka taarifa, na mimi sikujua tena tulikuwa tunatibu nini. Nikamuuliza kama nimwandikie daktari kwamba tumeacha.

"Hapana, Mama Kiné," akasema, akaichukua kengele, akaikung'uta maji. "Nitaivala leo jioni. Lakini sasa ni ya mufupa tu."